Shajara ya mradi wa ghala: mvinyo upi umeiva, upi usubiri

Januari

Ghala lina mivinyo myekundu ya miaka mingi, na kadi zake hazisemi zaidi ya jina na mwaka wa mavuno. Ya zamani kabisa ni Bordeaux, ya Ufaransa, ya 1986. Changa kuliko zote ni Barolo (ya Italia) na Burgundy (ya Ufaransa) za 2010. Kazi tuliyojipa ni kupita rafu kwa rafu, kufungua chupa moja ya kila fungu, na kuandika kwenye kadi neno moja kati ya matatu: unywewe, usubiri, umepita.

Naandika shajara hii ili kila hukumu iwe na sababu yake. Kadi yenye neno "usubiri" bila maelezo haimsaidii atakayeishika miaka mitano baadaye. Itambidi afungue chupa nyingine ili aulize swali lile lile. Michael Broadbent, aliyeongoza idara ya mvinyo ya nyumba ya mnada ya Christie's tangu 1966, alianza kuandika alichokionja mwaka 1952 akaendelea kwa miongo mingi. Thamani ya daftari zake naiona hapo: mvinyo mmoja unaweza kufuatwa kutoka ujana wake hadi unapochoka, kwa ulimi wa mtu yule yule.

Chupa iliyo peke yake hatuigusi kwa sasa. Kuionja ndiko kuimaliza, na hukumu inabaki haina kazi. Tunaanza na mafungu ya chupa sita na kuendelea, ambayo chupa moja inaweza kusemea wenzake, ingawa hata hapo kuna mpaka: kila kizibo kimetoka kwenye kipande chake cha gome, na baada ya miaka ishirini chupa mbili zilizolala bega kwa bega zinaweza kutofautiana waziwazi.

Utaratibu wa meza tumeukubali hivi. Chupa inasimamishwa wima siku mbili kabla ili mashapo yashuke. Kabla ya kufungua tunamulika shingo kwa tochi na kuandika mvinyo umefika wapi: shingoni, chini ya shingo, bega la juu, au katikati ya bega. Vizibo vya zamani tunavitoa kwa kizibuo cha meno mawili, kile kinachopenya pembeni, maana skrubu hukitoboa kizibo kilichochoka na kukivunja katikati. Ghala lina nyuzi 13. Mezani tunaanza na nyuzi 16 na glasi inapanda yenyewe kuelekea 18. Ikizidi hapo, kileo kinatangulia puani na kufunika kila kitu.

Jambo moja tulilijadili kwa muda mrefu: kumimina kwenye jagi la kioo au kutomimina. Tumeamua kwamba onjo la kwanza la kila fungu litatoka chupani moja kwa moja, kidogo kidogo, na tutaandika pale pale kizibo kinapotoka, nusu saa baadaye, saa moja, saa mbili, na kesho yake. Émile Peynaud, mtaalamu wa Bordeaux aliyefariki 2004, alishauri kumimina kwenye jagi pale tu penye mashapo, tena dakika za mwisho kabla ya kunywa, kwa hoja kwamba hewa nyingi huipunguza harufu. Sikubaliani naye kwa mvinyo mchanga. Kwa kazi hii lakini ushauri wake unafaa sana, kwa sababu ukiumwaga mvinyo wote kwenye jagi mara moja umeshapoteza kile unachotaka kukitazama, yaani mwendo wake.

Februari

Tumefungua mivinyo miwili ya Médoc, eneo la Bordeaux, kutoka kijiji kimoja, mavuno ya 2003 na ya 2005. Nilizitaka mezani pamoja kwa sababu miaka hiyo miwili inatofautiana kwa sababu zinazojulikana. Agosti ya 2003 Ulaya magharibi ilipigwa na joto kali sana. Zabibu zilijaa sukari upesi na asidi ikashuka. Mwaka 2005 ulikuwa mkavu, lakini ulitoa zabibu zenye ngozi nene, tanini nyingi (ndizo zinazoleta ukakasi), na asidi ya kutosha.

Ya 2003. Ukingo wa glasi umeshageuka rangi ya tofali, katikati bado ni nyekundu iliyokoza. Harufu inakuja bila kuitwa: plamu iliyokaushwa, ngozi, tumbaku. Kinywani ni laini, mnene, una utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi. Ukakasi upo mwishoni tu, na ni mkavu kidogo. Saa ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, kila mtu mezani aliongeza. Ilipofika saa ya pili tunda lilianza kujitoa, na kesho yake chupani kulikuwa na kileo na ukavu. Kadi: unywewe, na usicheleweshwe.

Ya 2005. Kizibo kilipotoka haukunukia kitu cha maana: mbao ya mwerezi, penseli iliyochongwa, na nyuma yake beri nyeusi kwa mbali. Ukakasi ulishika fizi zote. Kijana wetu wa mezani alisukuma glasi pembeni, akamgeukia Mwalimu, anayetuongoza kuonja.

"Mwalimu, huu haujawa kitu."

"Usiuangalie kwenye fizi, mwanangu. Rudia, uache ukae katikati ya ulimi, halafu uniambie umekuta nini."

Alirudia. Katikati ya ulimi kulikuwa na tunda, zito, limekaa kimya. Baada ya saa mbili harufu ilifunguka, na kesho yake mvinyo ulikuwa bora kuliko usiku wake wa kwanza. Kadi: usubiri. Kando nimeongeza kwamba asiyeweza kusubiri aumimine kwenye jagi na aupe saa tatu.

Niseme wazi ninavyolielewa jaribio la kesho yake, kwa sababu najua litasomwa vibaya. Usiku mmoja wa hewa haulingani na miaka kumi ya ghala. Kizibo kizuri hupitisha oksijeni kidogo mno, kiasi cha miligramu kwa mwaka, na mabadiliko mengi yanayotokea chupani hayahitaji hewa nyingi. Kwenye chupa iliyofunguliwa hewa inaingia kwa pupa. Kwa hiyo jaribio halitabiri mvinyo utakuwaje. Linaonyesha una akiba gani ya kupambana na hewa. Mvinyo unaopata nguvu kesho yake una akiba. Unaoanguka ndani ya saa moja hauna, na kuuweka tena ni kuupunguza.

Machi

Mwezi wa rangi. Tumeonja Barolo za 2001 na 2006, na moja ya Hermitage, Ufaransa, ya zabibu ya Syrah.

Rangi ni ushahidi mzuri ndani ya aina moja ya zabibu, na ni ushahidi mbaya ukivuka kutoka aina moja kwenda nyingine. Nebbiolo, zabibu ya Barolo, hutoa rangi hafifu isiyodumu; ukingo wake unaelekea machungwa mapema, wakati tanini zake bado zinauma. Barolo hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miezi 38 tangu mavuno, 18 kati ya hiyo ikiwa kwenye mbao, na mara nyingi hata siku inapotoka ukingo wake haufanani tena na wa mvinyo mchanga. Ukiipima kwa macho yaliyozoea Cabernet, zabibu ya rangi nzito ya Médoc, utasema imezeeka. Ya 2006 ilikuwa na ukingo wa tofali kabisa na ukakasi wa kukunja uso. Waridi na lami vilikuwepo, tunda la cheri lilikuwepo. Usubiri. Ya 2001 imetulia, na kwangu mimi ndiyo chupa nzuri kuliko zote mpaka sasa: unywewe, ila hakuna haraka.

Hermitage iko kinyume. Rangi bado imekoza hata kidole hakionekani upande wa pili wa glasi, na mtu angedhani ni ya juzi. Harufu yake ni zaituni, nyama ya moshi, pilipili manga. Imeiva.

Kinachotazamwa, basi, ni uangavu zaidi kuliko rangi yenyewe. Mvinyo ulio hai una mng'ao hata ukiwa umepauka. Ulioanza kuchoka unafifia, unakuwa kama maji yaliyotikiswa udongo, na hudhurungi inaingia hadi katikati ya glasi.

Aprili

Huu ndio mwezi uliobadilisha namna ninavyoandika kadi.

Tulifungua Bordeaux ya 1986, tena ya Médoc. Mwaka huo ulisifiwa kwa mvinyo mgumu wa kudumu: Cabernet nyingi, tanini nyingi. Wengi waliambiwa wasubiri, wakasubiri. Chupa yetu ilikuwa na mvinyo hadi bega la juu, kizibo kimelowa theluthi mbili lakini kilitoka kizima. Harufu ya kwanza ilikuwa ya ghala lililofungwa. Baada ya dakika chache ikaondoka, yakaja majani makavu, mwerezi, udongo wenye unyevu, na kitu cha chuma. Nzuri. Kisha tukaonja.

Ukakasi ulikuwa pale pale. Haukulainika kiasi tulichotarajia baada ya karibu miaka arobaini. Na katikati ya ulimi hakukuwa na kitu. Mvinyo uliingia kwa harufu, ukaruka katikati, ukatokea upande wa pili kwa ukavu na uchachu.

"Bado ni mgumu," alisema mwenzangu. "Tuupe miaka mitano mingine?"

Hapo ndipo nilipoona swali letu lilipokosea njia. Ugumu hauonyeshi kwamba mvinyo unahitaji muda. Unaonyesha tu kwamba una tanini. Mvinyo mgumu wenye tunda chini yake unasubirika, kwa sababu siku tanini zitakapopungua makali, kutakuwa na kitu cha kunywa. Mvinyo mgumu usio na tunda umeshapita, hata kama unauma fizi kama mchanga. Miaka mitano mingine itaupunguzia ukakasi kidogo na itaumalizia harufu iliyobaki. Bordeaux ya 1975 ina sifa hiyo hiyo mpaka leo: mingi kati ya mivinyo ya mwaka ule ilikauka kabla tanini zake hazijalegea, na waliosubiri ilainike waliikuta mikavu.

Kwa hiyo, katika chupa ya mvinyo mwekundu, saa ni tunda. Tanini zinaonyesha tu ulipoanzia.

Niliyajua haya kwa maandishi kabla, lakini kuyakuta mdomoni ni jambo jingine, nikarudi kusoma kinachotokea ndani ya chupa. Wengi tumefundishwa kwamba tanini hushikana, zinakua minyororo mirefu, zinakuwa nzito na kuanguka kama mashapo, na hivyo mvinyo unalainika. Sehemu yake ni kweli: mashapo ya mvinyo wa zamani ni tanini na rangi zilizoshikana. Lakini ndani ya asidi ya mvinyo minyororo hiyo pia hukatika, vipande vyake vikaungana upya, vingine na chembe za rangi, na muungano wa tanini na rangi una ukakasi mdogo kuliko tanini peke yake. Ndiyo maana mvinyo uliotengenezwa na rangi nyingi pamoja na tanini zake hulainika vizuri, na ule wenye tanini nyingi na rangi kidogo unabaki unauma.

Tunda nalo lina njia yake. Harufu za matunda mabichi zinatokana kwa sehemu kubwa na esta, kemikali zenye harufu, na esta huvunjika polepole chupani. Mahali pake panachukuliwa na harufu nyingine, mojawapo ikiwa dimethili salfaidi, ambayo huongezeka kadiri miaka inavyopita na kwa kiasi kidogo hunukia zaituni na uyoga wa trufu. Mvinyo ulioiva ni ule ambao harufu hizi mpya zimeshafika na tunda halijaondoka. Dirisha hilo linaweza kuwa la miaka mitatu au la miaka ishirini, kutegemea chupa.

Kuna jambo la asidi pia, nalo linawachanganya wengi. Mvinyo wa zamani unaonekana mchachu kuliko ulivyokuwa, na watu husema asidi imepanda. Kwa kawaida asidi yake haijabadilika sana. Kilichopungua ni tunda na unene uliokuwa unaifunika, sasa imebaki wazi. Uchachu uliojitokeza mwishoni mwa ulimi, bila harufu ya siki, ni alama nyingine ya tunda linaloondoka, na mara nyingi huja mapema kuliko mabadiliko ya rangi.

Kadi ya 1986: umepita. Nimeandika kando kwamba harufu yake bado inafaa kunuswa, na kwamba chupa zilizobaki zifunguliwe zote mwaka huu na zinywewe ndani ya saa moja.

Kuanzia leo kila kadi ina mstari mpya juu ya mistari yote: tunda katikati ya ulimi, lipo au halipo, na kama lipo ni bichi, limeiva, au limekauka. Ukakasi umeshuka mstari wa tatu.

Mei

Chupa mbovu, na kwa mradi huu chupa mbovu ni hatari kuliko inavyoonekana.

Kizibo chenye TCA, yaani trikloroanisoli, kila mtu anakijua kinaponuka wazi: karatasi iliyolowa, ghala lenye ukungu. Chupa hiyo inawekwa kando na hakuna anayedanganyika. Tatizo ni pale inapokuwa kidogo. Pua ya binadamu huikamata kwa nanogramu chache tu kwa lita, na chini kidogo ya kiwango hicho haunusi ukungu wowote. Unachokiona ni mvinyo ulionyamaza. Tunda limebanwa, mwisho umekatika. Mtu anaandika "umepita" au "umejifunga", kumbe fungu lote halina kasoro na chupa moja tu ndiyo mbovu.

Limetukuta kwenye Brunello ya 2001, mvinyo wa Italia wa zabibu ya Sangiovese. Sangiovese ya mwaka mzuri, fungu lililolala vizuri, na chupani mvinyo mwembamba usio na uso. Mwalimu ndiye aliyesema tusubiri, akafunika glasi kwa mkono dakika kadhaa, akainusa tena. Harufu ya chupa iliyofungwa muda mrefu huondoka hewani, kama ilivyoondoka kwenye 1986. TCA haiondoki, inazidi. Baada ya robo saa karatasi iliyolowa ilikuwa dhahiri kwa sisi wote. Tulifungua ya pili kutoka fungu lile lile: cheri iliyokauka, ngozi, majani ya chai, tunda kamili katikati ya ulimi. Unywewe, na unaweza kungoja.

Kanuni iliyotokana na hilo: hakuna kadi itakayoandikwa "umepita" kwa chupa moja. Lazima ya pili ikubali.

Kasoro nyingine hazihitaji maneno mengi. Brettanomyces, ile hamira ya zizi la farasi na plasta ya dawa, inaweza kukaa kwenye mvinyo ulioiva na usiuharibu ikiwa kidogo. Kwenye mvinyo uliopoteza tunda inabaki peke yake na inachukiza. Siki ya mbali puani huinua harufu. Ikichoma pua, basi. Harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa wazi ni ya hewa iliyoingia, na kiwango cha chini shingoni kwa kawaida kilishatuonya.

Juni

Burgundy nyekundu za 2005. Nilizisubiri kwa hamu na kwa wasiwasi, kwa kuwa mwaka huo unajulikana kwa kujifunga: ulipendeza ukiwa mchanga, kisha ukanyamaza kwa muda mrefu.

Kunyamaza huku ni jambo la kweli kwa kila aliyefuatilia mvinyo mmoja kwa miaka, hata kama kemia yake haijaelezwa vizuri. Mvinyo unatoka chupani na tunda la ujana limepungua, harufu za uzee hazijafika, na tanini zimesimama peke yake. Swali letu lilikuwa gumu kuliko la Aprili: unatofautishaje mvinyo uliojifunga na uliokufa, ikiwa yote miwili haisemi kitu puani?

Tulikuwa na chupa za aina zote mbili mezani, na hilo lilisaidia. Moja ya vijiji vya Côte de Nuits, eneo la Burgundy, 2005. Nyingine Pinot, zabibu ya Burgundy nyekundu, ya daraja la chini ya mwaka dhaifu wa 2004. Puani zilifanana kwa uchache. Mwalimu akatuambia tumeze na tuhesabu sekunde kimoyomoyo hadi ladha iondoke. Ya 2004 iliondoka kabla hatujafika tano, ikaacha uchachu na harufu ya majani mabichi. Ya 2005 tulipita kumi na tano bado ipo, na kilichobaki kilikuwa tunda, cheri nyeusi yenye madini fulani, si ukavu.

Urefu, basi, ndio unaotenganisha. Mvinyo uliojifunga umefunga mlango wa mbele tu. Uzito upo kwenye ulimi na ladha inakaa baada ya kumeza. Uliokufa ni mfupi. Pua inaweza kudanganya, urefu ni nadra kudanganya, nami sasa natoa alama nyingi zaidi kwa sekunde zile za mwisho kuliko kwa harufu nzuri ya mwanzo.

2005: usubiri, na kijana wetu ndiye aliyeandika kadi yenyewe safari hii. Chupa ile ilifunguka kesho yake asubuhi, waridi na udongo wa msituni, na hatukuacha tone.

Julai

Rioja, za Hispania, za daraja la juu la Gran Reserva, mavuno ya 1994, 2001 na 2004. Kazi nyepesi. Kwa kanuni zao, Gran Reserva inakaa angalau miezi 60 kabla ya kuuzwa, sehemu kwenye pipa na sehemu kwenye chupa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kusubiri wameifanya wenyewe. Tatu zote: unywewe. Ya 2004 ina vanila na nazi ya pipa la mwaloni wa Marekani ambayo bado inasikika juu ya tunda. Ningeipa muda kidogo ili mbao ishuke. Ya 1994 ni ya ajabu, rangi imepauka kabisa na tunda liko pale pale, limekauka bila kupotea. Mivinyo hii imeshazoea hewa pipani, na saa ya pili ilikuwa nzuri kama ya kwanza.

Agosti

Tumegombana, kwa heshima, juu ya Médoc ya 1996.

Mwalimu anasema imeiva kabisa na isiguswe na muda tena. Mwenzangu anasema ipewe miaka kumi. Wote wawili walionja chupa moja, na wote wawili waliandika maelezo yale yale: beri nyeusi iliyoanza kukauka, mwerezi, tumbaku, ukakasi mzuri, ladha inakaa. Tofauti haikuwa kwenye mvinyo. Mwalimu anapenda tunda likiwa bado linaongoza. Mwenzangu anapenda majani makavu, uyoga na ngozi, na yuko tayari kutoa tunda ili avipate.

Nimefikiri sana kuhusu hili, kwa kuwa kama neno "umeiva" linategemea anayekunywa, kadi zetu zote ni maoni tu. Sikubali hilo. Kilichomo kwenye glasi kinaweza kuandikwa na watu wanaotofautiana na bado wakakubaliana, kama wao walivyokubaliana. Kuiva naandika hivi kuanzia sasa: ni pale ambapo mwaka mwingine utaondoa zaidi ya utakachoongeza. 1996 bado inaongeza harufu, lakini tunda limeanza kupungua, na mizani iko karibu kusawazika. Huo ni ukweli wa chupa. Nani anywe lini ni uamuzi wa mwenye glasi.

Kadi sasa zina sehemu mbili. Juu, hali: tunda, urefu, ukakasi, asidi, rangi, mwendo wa hewa. Chini, dirisha lenye miaka miwili, wa kuanza na wa mwisho, na ndani ya dirisha kila mtu achague. Kwa 1996 tumeandika dirisha limeshafunguka na litafungwa baada ya miaka kumi hivi. Mwalimu atakunywa zake mwaka huu, mwenzangu ataziacha zake, na hakuna aliyekosea.

Kifaa cha sindano kinachopenya kizibo na kujaza gesi ya agoni kimependekezwa, kile kinachouzwa kwa jina la Coravin. Kwa mafungu ya baada ya 2000 nakikubali: glasi moja kila mwaka bila kufungua chupa. Kwa vizibo vya miaka thelathini nimekataa. Kizibo kilichokauka hakizibi tena tundu la sindano vizuri, na kukisukuma kunaweza kukivunja ndani.

Kilichobaki

Rafu ya chini haijaguswa. Kuna nusu chupa za mililita 375 na magnamu za lita 1.5 za mivinyo tuliyokwisha kuionja kwa chupa za kawaida. Nusu chupa huiva mapema, kwa kuwa hewa inayopita kizibo ni karibu ile ile kwa mvinyo nusu, magnamu hukawia. Septemba tutaweka Médoc ya 2005 kwa ukubwa wote watatu kwenye meza moja, na tutaandika mstari wa tunda kwanza kabla ya kuongea.

Chupa tano za 1986 zinatoka ghalani wiki hii. Brunello ya 2001 inahamia rafu ya mbele. Barolo ya 2006 na Burgundy ya 2005 zinarudi nyuma kabisa, na kadi zake zinasema zisiguswe hadi miaka minne ipite, kisha chupa mbili za kila moja zifunguliwe siku moja.